Jina Nililompa Mtoto wa Watu

Salima, mwanangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya hiyo njia ya Bafwasende, ambayo nasikia mvua imeiharibu tena.

Mambo ya safari sitayagusa. Chandarua, dawa ya malaria, sabuni, wapi ulale gari likikwama, yote mdogo wangu, tantine Amina, ameshakuambia, na mengine amekuambia mara mbili. Begi lako limefungwa, liko hapa karibu na cherehani. Wewe umekwenda kwa bibi yako kuaga. Nimewaambia wateja warudi wiki ijayo, nimefunga mlango wa mbele, nimekaa kuandika. Kuna jambo ambalo nikijaribu kulisema kwa mdomo nitalia, wewe utanihurumia, na tukishaanza kuhurumiana hatutalisema.

Jana nilikuwa uani naanua nguo. Wewe na Amina mlikuwa jikoni mnaponda ndizi za lituma. Nikakusikia ukimwambia, "Tantine, mimi nitasimama namna gani mbele ya batoto ya watu? Mama ya Ruthi akisikia ni mimi banatuma kuwa mwalimu, atacheka ao atalia?"

Amina akakujibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya utoto na yamekwisha. Nikasikia mchi tu.

Amina anakupenda, lakini hapo amekosea. Hayakuwa mambo ya utoto peke yake, kwa sababu mimi nilikuwamo, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye nyumba na mume na kazi. Leo nataka tuyapitie toka mwanzo, hata yale uliyoyaona kwa macho yako. Uliyaona ukiwa na miaka kumi na mitatu, ukabeba sehemu yako, ukabeba na yangu juu yake. Nataka kesho uondoke na yako tu.

Yalianza katika zile wiki za kufunguliwa masomo, wakati nyumba yetu hujaa vitambaa vya bluu na vyeupe mpaka hakuna pa kukalia. Mlikuwa mmeingia darasa la saba. Ukamleta rafiki yako Ruthi nimshonee sketi. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, anayekuangalia usoni ukisema naye. Kwao Lubunga, ng'ambo ya mto. Wazazi wake ni watu wa Isangi. Baba anavua, mama anabanika samaki nyuma ya nyumba na kuja kuwauza upande huu. Kila asubuhi Ruthi alivuka kwa mtumbwi na kikapu cha samaki, akakifikisha sokoni kwenye meza ya mama yake, kisha akaja darasani. Mlikaa benchi moja. "Mama," uliniambia, "mwalimu akikosea hesabu, Ruthi ndiye anamwona wa kwanza." Ulijivunia kuwa naye.

Siku ile wanawake walikuwa wamejaa hapa ndani wakingoja nguo za watoto wao. Unajua tabia yangu. Watu huja kwangu kwa sababu ya mkono wangu, hukaa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilimzungushia Ruthi tepu ya kupimia kiunoni, nikainama, harufu ya moshi wa samaki ikanijia puani, na maneno yakatoka kabla sijayaangalia.

"Eh! Uyu mutoto iko na moshi kuliko samaki ya Yanonge! Mama Moshi, simama kule kwa upepo, usinichafulie kitambaa ya watu!"

Nyumba nzima ikacheka. Na Ruthi akacheka.

Kicheko chake ndicho kilichonidanganya. Nikasema moyoni, mtoto mzuri huyu, anajua utani. Nimekifikiria kicheko hicho miaka yote hii. Mtoto yuko nyumbani kwa watu, wakubwa wanamcheka, mwenye nyumba amemshika kiunoni. Angefanya nini kingine? Nawe ulicheka, Salima, halafu ukaniangalia. Nalikumbuka jicho lako. Lilisema, huyu ndiye mama yangu, anayeweza kuchekesha nyumba nzima. Kesho yake ulitaka kuwa kama mimi. Hukuwa na ubaya mwingine wowote na Ruthi. Ulitaka darasa licheke.

Likacheka. Yaliyofuata nilikuja kuyajua baadaye, kidogo kidogo, kwako na kwa wengine. Ruthi akiingia, mtu anafungua madirisha. Akisimama kujibu, wavulana wanakohoa kana kwamba chumba kinaungua. Wasichana wanabana pua. Mtu alimchorea samaki juu ya meza yake. Wewe ukahamia benchi nyingine, kwa kuwa aliyekaa naye alikuwa akiitwa Mama Jiko. Hakuna aliyempiga hata siku moja, na hilo ndilo lililowafanya nyote mjione hamna kosa. Yeye akatoka benchi ya mbele, akaenda ya katikati, halafu ya nyuma karibu na mlango. Akaacha kunyoosha mkono. Akiitwa ubaoni anasema hajui, hata anapojua. Pointi zake zikaanguka, na mwalimu akaandika katika ripoti yake kwamba ni mvivu.

Mimi nilikuwa hapa nashona.

Siku moja nilikwenda bandarini kupokea bale la vitambaa kutoka Kinshasa. Ilikuwa saa ya masomo. Nyuma ya vikapu vya wauza samaki, pale wanapofungia mitumbwi, nikaona sketi ya bluu. Niliitambua sketi kabla ya kumtambua mtoto, kwa sababu pindo lile ni langu. Ruthi alikuwa amekaa juu ya jiwe, begi la shule mapajani, anaangalia maji.

"Mwanangu," nikamwita, "leo hakuna masomo?"

Aliponiona alisimama haraka, akarudi nyuma hatua moja, akajinusa mkono. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Halafu akaondoka bila kunijibu.

Nilirudi nyumbani na jambo hilo kifuani bila kulielewa. Ulipofika nikakuuliza, "Ruthi anaumwa? Nimemkuta bandarini."

"Ruthi gani?" ukasema, ukivua viatu. "Aah. Moshi?"

Mkono wangu ukasimama juu ya gurudumu la cherehani. "Nani anamwita hivyo?"

"Wote. Hata ba darasa la nane." Ukaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mama, si wewe ulimwita hivyo?"

Nikakupiga kofi.

Nakuomba radhi kwa kofi lile, Salima. Sikuwahi kukuomba. Lilikuwa la mtu mwingine na lilikupata wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Ulilia, na mimi nikafikiri kwa kukuliza nimeshafanya kitu. Ruthi hakusogea hata kidogo kurudi darasani kwa sababu wewe ulilia hapa. Kumbuka hilo utakapokuwa na fimbo mkononi, maana huko watakupa fimbo na kukuambia ndiyo kazi.

Jumapili tulivuka kwenda Lubunga, wewe na mimi. Nilichukua kitambaa kizuri cha kutosha gauni la mama na la mtoto. Niliona aibu kwenda mikono mitupu, na nilitumaini kitambaa kitasema badala yangu. Mama ya Ruthi alitupokea vizuri. Alitufutia kiti, akatuletea maji. Alidhani nimekuja kuagiza samaki. Nilipomwambia kwamba binti yake haendi masomo, alicheka.

"Mama, umefananisha. Mutoto wangu anavuka kila siku. Mimi mwenyewe ninamupa kikapu."

Nikamwambia kila kitu. Nilianza na tepu ya kupimia, na jina, na wale wanawake wangu waliocheka. Nikaendelea mpaka bandarini. Alisikiliza amesimama, kisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo, ingawa kiti kilikuwapo.

"Kumbe ndiyo maana ya ndimu," akasema. "Kila jioni anajisugua ndimu mikono mpaka ngozi inatoka. Nikafikiri ni mambo ya kuwa binti mukubwa. Samaki hakule tena. Analala kwa jirani, anasema nyumba yetu iko na joto." Akashika kichwa. "Na mimi nilimupiga. Juu ya pointi. Nilimuambia anakula pesa ya baba yake bure."

Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya kitambaa changu cha mabega. Nikakusogeza mbele, nikasema, "Tumekuja kuomba pardon."

Aliniangalia toka pale chini. Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema, kwa sababu kuanzia siku ile ndiyo yaliyoniongoza.

"Unaomba pardon ili nani apate usingizi?"

Nikamnyooshea kitambaa.

"Chukua kitambaa yako. Unajua kushona, donc unajua kufumua. Kwenda ufumue ile jina. Halafu ndiyo ukuye tena."

Katika mtumbwi wa kurudi uliniuliza jina linafumuliwa vipi. Nikakuambia sijui, ila kesho tunaanza.

Unakumbuka mkuu wa shule yenu, yule mwenye suti ya kahawia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. "Mama," akaniambia, "batoto banachezaka. Ukianza kuingilia michezo yao hautamaliza."

"Mchezo unaisha kengele ikilia," nikamjibu. "Huu umemfuata mtoto mpaka kitandani kwake."

Akanipa dakika chache kabla ya somo la kwanza, nadhani ili niondoke mlangoni kwake. Nikasimama mbele ya darasa lenu. Nimeshona nguo za maharusi wakubwa wa mji huu bila woga, lakini siku ile nilishika meza ya mwalimu. Niliwaambia jina lile mimi ndiye niliyelitoa, nyumbani kwangu, kwa kutaka kusifiwa na wateja. Kwamba mwenye jina ni Ruthi. Na kwamba kila atakayelisema tena ajue analitoa kinywani mwangu, na kinywa changu kimelitema. Nyuma, mtu akakohoa. Kile kikohozi chenu. Darasa likapasuka kwa kicheko.

Sikutoka. Nilisimama mpaka kicheko kikaisha chenyewe, kama mvua. Ndipo wewe ukasimama, bila mimi kukuita. Ulisema, "Ni mimi nililileta hapa. Ruthi alikuwa rafiki yangu. Sitalisema tena." Ukijiuliza kama una haki ya kusimama mbele ya watoto, kumbuka kwamba uliwahi kusimama, wakati ambapo hakuna aliyekulipa wala kukulazimisha.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo yote yalinyooka. Wewe mwenyewe unajua yalivyokuwa. Walikuita Pardon. "Pardon, nisogezee benchi. Pardon, leta chaki." Rafiki zako waliokuwa wakibana pua pamoja nawe wakakuhama. Ukaanza kuumwa tumbo kila asubuhi, na jioni moja ukaniambia unataka kuacha masomo, ushone na mimi. Nilitamani kukubali. Cherehani ya pili ipo, kazi ipo, na ningekuwa nawe mchana kutwa mahali ambapo hakuna wa kukucheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Halafu nikamkumbuka mama ya Ruthi chini pale kwenye udongo, nikasema hapana.

Ulinichukia, na ulikuwa na haki. Kila asubuhi nilikusindikiza. Nilikaa nje ya ukuta wa shule na furushi la mashati, nikishona vifungo kwa mkono mpaka mapumziko, ili ukitoka unione. Watu wa toleka wanaobeba abiria waliponipita na baiskeli zao waliuliza kama nimefungua duka jipya. Hukunijia kila mapumziko. Lakini uliangalia.

Ni wakati ule, tukirudi nyumbani, uliponiambia maneno ambayo hakuna kitabu cha ualimu kitakachokufundisha vizuri zaidi. "Mama, mwalimu anaongea na mimi sisikii. Nasikiliza tu nani anacheka nyuma." Wewe uliyekuwa miongoni mwa wa kwanza darasani ulimaliza mwaka kwa kuponea chupuchupu. Hapo ndipo nilipoelewa pointi za Ruthi. Akili yake haikwenda popote. Ilikuwa kazini mchana kutwa, inalinda mgongo wake, na hesabu zilikosa nafasi.

Jumapili nyingi tulivuka. Mama ya Ruthi alituacha tukae. Alituuliza jina limefika wapi, nami nikamwambia kweli: bado wawili wanalisema, sasa mmoja. Ruthi hakutoka. Tulimsikia ndani, nyuma ya pazia, akihamisha sufuria. Mwisho wa mwaka ule mama yake akamwuliza mbele yetu, kwa sauti, anataka nini. Jibu lilikuja kutoka nyuma ya pazia.

"Nataka masomo kwenye hakuna mutu ananijua."

Basi ikawa hivyo. Akaandikishwa shule ya Lubunga, upande wa kwao, akaanza tena darasa la saba pamoja na watoto wadogo kuliko yeye. Sketi ya zamani hakuitaka. Nilimshonea nyingine bila kumpima, kwa kukadiria, mama yake akaipokea mlangoni. Mwaka mzima wa mtoto wa watu ulipotea, Salima. Hatukuurudisha. Tulichoweza ni kuzuia usipotee wa pili. Mama yake hakuwa rafiki yangu. Ananiuzia samaki kama anavyomuuzia kila mtu, nami sidai zaidi.

Sasa nifike kwa jambo ambalo sijakuambia. Wiki iliyopita nilimkuta Ruthi kivukoni. Amekuwa mwanamke mrefu, anasuka nywele zake vizuri, anasoma chuo hapa hapa mjini. Mimi ndiye niliyeanza kusalimu. Akaitika. Nikamwambia umepewa kazi ya ualimu Bafwasende, na papo hapo nikajuta kwa nini nimesema.

Aliangalia maji mpaka mtumbwi wake ukafika. Nikadhani ataondoka hivyo. Kisha akasema, "Mama Zaina, Salima na benzake balicheka, na balikuwa batoto. Mimi sikubangoja bao. Kila siku nilimungoja mwalimu. Alikuwa anasikia. Mgongo wake ulikuwa unasikia, nilikuwa naona. Alafu anaendelea kuandika ubaoni." Akapanda, akakaa, akageuka kuniangalia. "Mwambie Salima ivyo."

Sikukuambia siku ile kwa sababu niliogopa maneno haya yatakuvunja uache kwenda. Baada ya kukusikia jana jikoni naona ni kinyume chake. Hajasema usiende. Amekutuma.

Utawakuta huko, mwanangu. Utamkuta mtoto aliyetoka kambi ya wachimba dhahabu na hana viatu, na mwingine wa kigugumizi, na mwingine ambaye mama yake anauza kitu chenye harufu. Utamkuta pia anayechekesha, mwenye mdomo kama wangu, na huyo ndiye atakayekuuma zaidi, maana utajiona. Usimvunje. Mkalishe, umwambie ukweli, umpe kazi ya kurekebisha alichoharibu, na umsindikize mpaka amalize, hata akikuchukia. Atakuchukia kwa muda.

Usiniulize tena kama unastahili. Kule kuna darasa halina mwalimu, na wewe unajua kitu ambacho wengi wanaingia darasani bila kukijua. Siku ya kwanza utaandika tarehe ubaoni, mgongo wako ukiwa kwao. Ukisikia kile kicheko, na utakisikia, utakitambua kabla hakijaisha. Weka chaki chini, Salima. Geuka.

Mama yako,
Zaina